Kijijini Umbali, Mjini Muda: Jinsi ya Kupata Msaada wa Kunyonyesha Popote Ulipo

Ujifungulie Sikonge au Sinza, ushauri utakaopewa ni ule ule: mwanzishie mtoto titi ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, mpe maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi 6, kisha endelea kumnyonyesha huku akila vyakula vingine mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, na ndio uliobandikwa kwenye kuta za kliniki zetu. Kinachotofautiana ni nani atakayekuwa karibu nawe usiku wa tatu, matiti yamejaa na kuuma, chuchu zimechubuka na mtoto halali kwa kulia.

Takwimu za taifa zinatia moyo, ingawa kazi bado ipo. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto, mwaka 2015/16 watoto asilimia 59 wa chini ya miezi 6 nchini Tanzania walikuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2022 wakawa asilimia 64. Waliobaki, zaidi ya theluthi moja, walikuwa wameshaanza kupewa maji, uji, maziwa ya ng'ombe au ya kopo. Wengi wa mama zao walikuwa wameshasikia ushauri wa kliniki. Walichokosa ni mtu wa kuwashika mkono pale ushauri ulipogongana na maumivu, kazi au maneno ya watu.

Mwongozo huu ni wako wewe mjamzito au mzazi, na ni wa yule anayekutunza. Kijijini, kinachokosekana zaidi ni mtaalamu wa karibu. Mjini, kinachokosekana zaidi ni muda na watu wa nyumbani. Ukishajua upande wako unapungukiwa nini, utajua la kupanga mapema na la kudai.

Pengo lenyewe likoje

Sera ya Tanzania ni kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Zahanati nyingi zimejengwa, lakini nenda siku ya kliniki uone: nesi mmoja, pengine wawili, ndio wanaochanja, wanaopima wajawazito, wanaotibu malaria na wanaozalisha. Kumkalisha mzazi kitako nusu saa na kumwangalia anavyomnyonyesha mtoto wake ni kazi inayosukumwa mwisho wa foleni, na foleni haiishi. Mzazi akishatoka wodini na kurudi kitongojini, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inaweza kuwa kubwa kuliko alichonacho. Masika yakikolea, hata nauli ikipatikana, njia haipitiki.

Hata hivyo mama wa kijijini ana kitu ambacho mwenzake wa mjini hukililia: watu. Mama mzazi, mama mkwe, wifi na jirani wote wako hapo. Kuchota maji na kutafuta kuni hufanywa na wengine. Kilimanjaro atapikiwa mtori, Pwani atanyweshwa uji wa pilipili manga, na arobaini yake itaheshimiwa. Shida huja pale mikono hiyo hiyo yenye upendo inapomletea mtoto maji ya vuguvugu, dawa ya mchango au uji mwepesi.

Mjini mambo hugeuka. Hospitali ziko karibu, madaktari wa watoto wapo, na mwenye fedha hupata mshauri wa unyonyeshaji wa kumlipa. Lakini mzazi wa chumba kimoja Mbagala, ambaye mume wake hutoka alfajiri na mama yake yuko Songea, huenda akakaa na kichanga peke yake kutwa nzima. Wodi zimejaa, hivyo huruhusiwa mapema ili mwingine apate kitanda. Wiki chache baadaye anarudi sokoni, kwa sababu asipouza hakuna chakula.

Usidhani basi kwamba mjini daima ni afadhali. Utafiti uliofanywa katika mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta takriban asilimia 2 tu ya watoto walionyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 kamili, katika jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini Kenya. Miaka michache baadaye, katika mitaa ile ile, wahudumu wa afya ya jamii walipowatembelea akina mama nyumbani tangu ujauzito, waliofanikiwa walifika zaidi ya nusu. Hakuna hospitali mpya iliyohitajika kwa hilo. Mtu aliyefundishwa alibisha hodi, akaketi, akatazama, akaeleza, akarudi tena.

Hatua ya kwanza: tafuta watu wako watatu kabla hujajifungua

Usingoje uchungu uanze. Ukifika miezi 7 ya ujauzito, hakikisha una majina matatu na namba zao za simu zimeandikwa nyuma ya kadi yako ya kliniki.

1. Mtaalamu. Huyu ni nesi au mkunga wa zahanati au kituo unachohudhuria. Muulize jina na namba ya kituo, na umwambie waziwazi: "Sista, huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Nikipata shida ya kunyonyesha, nije siku gani ili unipe nafasi?" Kama ulishazaa na mara iliyopita kunyonyesha kulikushinda, mweleze kilichotokea. Mweleze pia kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa titi, kama chuchu zako zimezama ndani, kama unatarajia mapacha au kama unatumia dawa za kila siku.

2. Mhudumu wa afya ya jamii. Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwalipa wahudumu hawa, kwa lengo la kufikia 137,294 katika miaka 5, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Huenda wako ameshafika, huenda bado. Muulize mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Kenya wanaitwa wahamasishaji wa afya ya jamii, na chifu au zahanati iliyo karibu itakuonyesha wa eneo lako. Zanzibar wahudumu wa mpango wa Jamii ni Afya huzunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na simu zenye maelekezo ya kazi yao. Akupatie siku ya kukutembelea ndani ya wiki ya kwanza.

3. Mtu wa nyumbani. Awe mwanamke aliyenyonyesha na kufurahia, mwenye ulimi mtamu na asiye na papara. Anaweza kuwa mama, shangazi, jirani au shoga yako. Kazi yake ni kukulisha, kupokea mtoto ulale, na kuwajibu wageni. Nenda naye kliniki angalau mara moja, ili ayasikie maelekezo kwa masikio yake na baadaye msigombane.

Baba wa mtoto si mmoja wa hao watatu, kwa sababu yeye hahitaji kutafutwa. Nafasi yake imeelezwa mbele.

Hatua ya pili: usitoke wodini kabla hujaangaliwa ukinyonyesha

Tanzania kwa sasa wajawazito 8 kati ya 10 hujifungulia katika vituo vya huduma. Maana yake ni kwamba saa 24 za kwanza ndizo pekee ambazo mama wa kijijini na wa mjini wote huwa na mtaalamu hatua chache kutoka kitandani. Zitumie.

Mtoto akizaliwa, omba awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mkiwa mmefunikwa kanga. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano yaitwayo dang'a, usiyakamue na kuyamwaga hata ukiambiwa ni machafu. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Usibabaike kwa kuwa ni machache: siku ya kwanza mtoto hutosheka na kiasi cha kijiko kidogo cha chai kila anaponyonya.

Kisha, kabla ya kuruhusiwa, mwite nesi: "Sista, naomba unitazame ninavyomnyonyesha kabla sijaenda nyumbani." Sentensi hiyo moja ni haki yako, na hailipiwi. Wakati anakutazama, nawe jifunze kujitazama.

Kaa umeegemea, mabega yametulia. Mlaze mtoto ubavu, tumbo lake likigusa lako, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja. Asilazimike kugeuza shingo kufuata titi. Pua yake iwe sawa na chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu na usubiri apanue kinywa kana kwamba anapiga mwayo, ndipo umlete kwenye titi. Mlete mtoto kwenye titi, usiinamie kumpelekea titi, la sivyo mgongo utakuuma mwezi mzima.

Akishika vizuri utaona mambo manne: kinywa kimepanuka, mdomo wa chini umebinukia nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Utamsikia akivuta taratibu, akimeza, akipumzika. Ukisikia milio ya ulimi, au ukaona mashavu yanabonyea ndani, ujue ameshika chuchu tupu, na hapo ndipo michubuko huanzia. Usimvute. Pitisha kidole kidogo kisafi pembeni mwa mdomo wake aachie, kisha anza upya. Anza hata mara tano.

Ukijifungua kwa upasuaji, omba usaidiwe kumnyonyesha ukiwa umelala ubavu, au ukimshika mtoto chini ya kwapa ili asigandamize kidonda. Ukijifungua mtoto njiti asiyeweza kuvuta, omba ufundishwe kukamua kuanzia siku ile ile, kila baada ya saa 2 hadi 3, na kumbeba kangaroo kifuani. Maziwa yako ndiyo dawa yake kubwa, na hapa ndipo umbali unapoumiza zaidi. Benki ya maziwa ya mama iliyofunguliwa katika Hospitali ya Pumwani mwaka 2019 iko Nairobi, wakati njiti huzaliwa hata Lodwar. Kwa hiyo mama wa mbali asiondoke hospitali ya wilaya kabla hajajua kukamua kwa mkono na kulisha kwa kikombe.

Tia tarehe kichwani kabla ya kuondoka: mzazi na kichanga huangaliwa ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Halafu kuna chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hizo zote ni nafasi za kuuliza kuhusu kunyonyesha. Wengi huenda kuchanja na kupima uzito tu, wakarudi na maswali yao.

Ukiwa kijijini

Fupisha umbali kwa kupanga. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii siku utakayorudi nyumbani, apite siku ya tatu au ya nne, maana hapo ndipo matiti hujaa. Akichelewa, anza mwenyewe: nyonyesha kila mtoto anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana. Titi likiwa gumu kiasi kwamba mtoto hawezi kulishika, kamua kidogo kwanza lilainike. Kati ya mnyonyo mmoja na mwingine, kitambaa kilicholowekwa maji baridi hupunguza uvimbe. Chuchu ikichubuka, paka matone ya maziwa yako na uiache ikauke, kisha rekebisha namna mtoto anavyoshika, kwa sababu mafuta hayatibu mkao mbaya.

Nchini Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo kwa ushauri. Ikiwa ni dharura ya mzazi au ya mtoto mchanga na hakuna usafiri, piga 115 ya mpango wa m-mama. Huko hupangwa gari la wagonjwa, au dereva wa eneo lako aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mpango, si nawe. Namba hizi mbili mzee wa nyumba na bodaboda wa jirani nao wawe nazo.

Uliza pia lini kijiji chenu kinafanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka. Watoto hupimwa, na akina mama hufundishwa pale pale bila kusafiri. Kikundi cha akina mama wanaonyonyesha kinaweza kuanzia hapo: wanawake sita au saba chini ya mwembe, mhudumu mmoja, saa moja kila baada ya wiki mbili.

Sasa twende kwenye maneno ya nyumbani, ambayo hayamalizwi kwa ugomvi.

Maji. "Joto lote hili, mtoto ana kiu." Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, takriban asilimia 87, na yanamtosha mtoto hata Dodoma mwezi wa kumi na moja. Maji ya kisima au ya bwawa ndiyo yanayoingiza kuhara. Unaweza kumjibu mama mkwe kwa adabu: "Mama, nimesikia. Sista amesema tusubiri mpaka miezi sita. Naomba keshokutwa twende wote kliniki umuulize mwenyewe." Mama mkwe anayeheshimiwa hugeuka mlinzi wa mtoto. Anayebezwa hunywesha maji ukiwa shambani.

Mchango na kulia. Mtoto hulia kwa mambo mengi: usingizi, uchafu, kutaka kubebwa, gesi. Usiharakishe kusema maziwa hayatoshi. Kipimo ni mkojo na uzito. Kuanzia siku ya 5 anayelowesha nepi mara 6 au zaidi kwa siku na kuongezeka uzito kwenye kadi, anashiba. Dawa za mitishamba na zile za chupa za dukani hazimsaidii, na huchukua nafasi ya maziwa tumboni.

Kubemenda. Wapo wanaoamini kwamba tendo la ndoa wakati wa kunyonyesha humdhoofisha mtoto. Kwa imani hii wapo wanaomwachisha mtoto ziwa mapema ili wazazi warudiane, na wapo akina mama wanaosutwa mtoto akikonda. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Linaloweza kumdhuru mtoto ni mimba ya haraka inayomfanya aachishwe kabla ya wakati. Ukimnyonyesha maziwa yako pekee usiku na mchana, hujapata hedhi, na mtoto hajafikisha miezi 6, uwezekano wa kushika mimba ni mdogo, chini ya 2 kati ya wanawake 100. Sharti moja likivunjika, nenda kliniki uchague njia nyingine.

Shamba nalo usilisahau. Msimu wa palizi ukifika, nenda na mtoto na mtu wa kumshika kivulini, au punguza saa za jembe. Hili liamuliwe na familia nzima kabla ya mvua, kwa sababu mzazi peke yake hana sauti ya kuliamua.

Ukiwa mjini

Tatua kwanza upweke. Ukiweza, mlete mama au mdogo wako kwa mwezi wa kwanza. Nauli yake ya basi ni afadhali kuliko makopo ya maziwa. Asipopatikana, mtafute jirani wa nyumba moja aliyewahi kunyonyesha na mkubaliane: apite asubuhi na jioni. Vikundi vya simu husaidia kutia moyo, lakini picha haimrekebishi mtoto anayeshika vibaya. Ukipata maumivu yasiyoisha, nenda kliniki ya mtoto uonekane.

Kama umeajiriwa, ijue sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, na siku 100 ukizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Ukirudi kazini, mwajiri anatakiwa kukuruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba naye ana siku 3 za malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya likizo ni miezi 3, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na kutoa muda wa hadi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Usisubiri upewe. Wiki mbili kabla ya kurudi, andika barua fupi: natarajia kurudi tarehe fulani, naomba saa zangu za kunyonyesha ziwe kuanzia saa fulani hadi saa fulani, naomba pia sehemu yenye faragha na kiti. Baki na nakala.

Kama ni mama lishe, mama wa mboga au fundi cherehani, hakuna likizo inayokungoja, kwa hiyo ratiba ndiyo ngao yako. Mnyonyeshe kabla ya kutoka alfajiri. Kamua, uache maziwa nyumbani. Mtoto aletwe sokoni mara moja au mbili mchana kama si mbali. Ukirudi jioni, titi kwanza, mengine baadaye. Usiku lala naye karibu na umnyonyeshe, kwa kuwa mnyonyo wa usiku huuchochea mwili utengeneze maziwa.

Kukamua hakuhitaji mashine. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha kikombe chenye mdomo mpana. Chua titi kwa upole. Weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, nyuma kidogo ya chuchu, pale weusi unapoishia. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, na usiburute vidole juu ya ngozi. Mwanzoni hutoka matone, kisha michirizi. Zungusha vidole pande zote, hamia titi la pili, rudi la kwanza. Nusu saa inatosha. Anza kujizoeza wiki mbili kabla ya kurudi kazini, usingoje asubuhi ya siku yenyewe.

Maziwa yaliyokamuliwa yafunikwe. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, yatumike ndani ya saa 4 yakiwa kivulini, na kwenye jokofu ndani ya saa 72. Usiyachemshe. Yapashe kwa kutumbukiza chombo ndani ya maji ya moto. Mfundishe dada wa kazi kumlisha kwa kikombe au kijiko kisafi, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha na huzoesha mtoto mvuto mwingine. Masalia ya kwenye kikombe yamwagwe. Mwonyeshe dada kwa vitendo mara kadhaa kabla hujaondoka, na umheshimu, maana saa nane zote hizo mwanao yuko mikononi mwake.

Mjini pia ndiko matangazo ya maziwa ya kopo yalikojaa. Tangu mwaka 1981 upo mwongozo wa kimataifa unaokataza kuyatangaza kwa umma na kuwapa wazazi sampuli za bure, na Tanzania na Kenya zote zina kanuni au sheria za kulisimamia hilo. Ukipewa kopo la bure na mtu yeyote kwenye kituo cha afya, ujue kanuni zimevunjwa. Wapo akina mama wachache ambao kwa sababu za kiafya huhitaji maziwa hayo. Uamuzi huo wafanye na daktari, na asisimangwe mtu.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI

Popote ulipo, kama unatumia dawa za ARV kila siku kama ulivyoelekezwa na mtoto anapata dawa ya kinga, unaweza kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea hadi angalau miezi 12, na hata 24 au zaidi, mradi dawa haziachwi. Hatari zaidi ni kuchanganya na vyakula vingine kabla ya miezi 6. Ukihama kutoka mjini kwenda kujifungulia kwenu, chukua barua ya rufaa na dawa za kutosha, ili usikatize.

Dalili zisizongoja kesho

Nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata ikibidi kupiga 115, ukiona:

– mtoto hanyonyi, au amelegea na haamki kunyonya;
– ana degedege, anapumua haraka au kifua kinabonyea;
– ana joto kali, au mwili ni wa baridi;
– macho au viganja vimegeuka manjano;
– hajakojoa kwa nusu siku;
– titi lako lina sehemu nyekundu, ya moto na yenye maumivu, nawe una homa, na hali haijapungua ndani ya saa 24.

Hilo la mwisho lisikufanye uache kunyonyesha. Titi lenye uambukizo linahitaji kutolewa maziwa, pamoja na dawa utakazoandikiwa. Likiachwa limejaa huweza kugeuka jipu. Nawe ukijiona huna hamu ya kitu, unalia bila sababu au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, sema mapema. Ni ugonjwa na unatibika.

Kwako baba

Kazi yako haiko kwenye titi, iko kuzunguka titi. Hakikisha mkeo anakula na kunywa kabla hajaanza kumnyonyesha mtoto. Amka usiku umbadilishe mtoto nepi. Wageni wakija na ushauri wa maji na uji, jibu wewe, hasa kama wageni hao ni ndugu zako. Tenga nauli ya kliniki ya siku ya 7 kabla ya nauli ya mambo mengine, na siku hiyo nenda naye.

Kwako mwananchi na kiongozi

Mtu binafsi anaweza kupunguza pengo hili, lakini hawezi kulifuta. Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga Shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe, na kila halmashauri ina afisa lishe. Katika mkutano ujao wa kijiji au wa mtaa, nyoosha mkono uulize maswali matatu. Fedha za lishe za robo hii zimefanya nini? Wahudumu wetu wa afya ya jamii ni nani, na wametembelea wazazi wangapi? Siku ya Afya na Lishe ilifanyika lini? Wa mjini aongeze la nne: soko letu linalokusanya ushuru kila siku kutoka kwa wanawake limetenga wapi chumba cha kunyonyeshea? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata yasomwe tena. Kunyonyesha hufanywa na mama mmoja, lakini hakuna mama anayepaswa kuachiwa peke yake, awe anakaa kilomita 20 kutoka zahanati au mlango wa pili kutoka hospitali.